Kinamama walielewa somo, ndo maana hawakwenda kupima: kisa cha mwanafunzi wa fildi Kigoma

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa fildi aliyekuja kwenye shirika moja la afya hapa Kigoma, dada anayesoma afya ya jamii, na kazi aliyopewa ilikuwa kutathmini elimu ya kansa ya mlango wa kizazi ambayo shirika limekuwa likiipeleka vijijini. Mimi ndo nilikuwa msimamizi wake kwaiyo kazi niliiona tangu anaanza kufungua mafaili mpaka anawasilisha. Shirika silitaji, kijiji sikitaji, kituo cha afya nacho hivohivo, maana watu waliozungumza naye walizungumza kwa kumuamini na mengine waliyosema ni ya ndani sana. Naandika kwa urefu kwasababu naamini mashirika mengi yanayozunguka na spika na mabango kufundisha kansa yapo kwenye hali hii na hayajui, alafu wanafunzi wanaokuja na macho mapya tunawapa kazi ya kujaza majedwali.

Hali yenyewe kwanza. Hapa Tanzania kansa ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa kuua wanawake kuliko kansa nyingine yoyote, makadirio ya 2022 yanasema zaidi ya wanawake 10,000 wanaugua kila mwaka na zaidi ya 6,000 wanakufa. Na inauma zaidi ukijua kwamba ni kansa inayozuilika. Karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV kinachopatikana kwa kujamiiana, aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, zinasababisha kama asilimia 70 ya ugonjwa wote. Wanawake wengi wanakipata kirusi na mwili unakitoa wenyewe, ila kwa wachache kinabaki na kuanza kubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole sana, inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 kufika kwenye kansa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 mpaka 10 kwa mwenye kinga dhaifu kama anayeishi na VVU bila dawa. Mda wote huo mama hasikii chochote. Haumwi, hatoki damu, anaenda shamba, anaanika dagaa, anazaa. Na huo ndo mda ambao ukimlaza kitandani, ukapaka ile asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja, sehemu yenye shida inageuka nyeupe na inaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto, anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Shirika lilikuwa linafanya nini sasa. Timu inaenda kijijini na gari, spika na mabango, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA tunavyowaita, wanakuwa wameshapita kitongoji kwa kitongoji kuita watu, nesi anafundisha, watu wanauliza, wanapewa soda, wanasaini karatasi ya mahudhurio. Kabla ya somo wachache wanajaza dodoso la maswali, baada ya somo wanajaza tena lilelile. Mwisho wanatangaziwa siku ya huduma ya mkoba ya kupima kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Ripoti ya robo mwaka ilikuwa na vitu viwili vikubwa, watu waliofikiwa na asilimia ya waliojibu sahihi baada ya somo. Vyote vilikuwa vinapendeza. Waliojibu sahihi walikuwa wanapanda sana kila kijiji na mfadhili alikuwa ameridhika.

Mwanafunzi kaja, kasoma ripoti zote, akaniuliza swali moja: hawa waliojibu sahihi, wangapi walifika kitandani?

Ofisini hakuna aliyekuwa na jibu, na sio kwamba watu ni wavivu, ni kwamba fomu zetu ziliishia kwenye somo na rejista za MTUHA za kituo, yani vitabu vya serikali vya kumbukumbu za wagonjwa, zinaanzia mama anapofika, katikati hakuna karatasi inayounganisha. Kituo kinajua kimepima nani ila hakijui alisikia wapi, sisi tunajua nani alisikia ila hatujui alienda wapi.

Kabla ya kwenda kijijini akakaa na zile karatasi za mahudhurio, na hapo nilimpenda, maana wengi wanazipita haraka. Kupima mlango wa kizazi kunalenga zaidi wanawake wa miaka 30 mpaka 50, na wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi kwasababu hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Sasa ukisoma karatasi zile umri ulikuwa haujaandikwa kwa watu wengi, wanaume wapo, wanafunzi wa shule waliotoka mapumziko wapo, wazee wapo, na majina yaleyale yanajirudia kwenye mkutano wa kijiji, kliniki ya watoto na kanisani, yani mama mmoja kahesabiwa mara tatu kama watu watatu. Sisemi wanaume wasifundishwe, wanaume ndo wanaotoa ruhusa na nauli kwenye nyumba nyingi za huku, ila ukiwajumlisha wote kwenye namba moja ya waliofikiwa huwezi tena kujua kama mama wa miaka 38 anayetakiwa kupimwa alikuwepo au alikuwa mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshushia dagaa.

Njia yake ya kuunganisha somo na kitanda ilikuwa rahisi kiasi kwamba inaweza kufanywa na shirika lolote. Alikata kadi ndogo za manila, kila kijiji rangi yake, zikagongwa mhuri. Kila mama wa umri unaolengwa anayehudhuria somo anapewa kadi moja anaambiwa siku ukienda kupima iache kwenye boksi pale mapokezi. Hakuna jina wala namba ya simu. Baada ya siku ya mkoba unahesabu kadi kwa rangi. Barua ya ruhusa ilipita kwa mganga mkuu wa wilaya kwanza, na kwa utaratibu ule hakuhitaji kugusa jina la mgonjwa hata mmoja, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni muhimu sana maana nimeona vijana wa fildi wanapiga picha rejista za wagonjwa kwa simu zao na hakuna anayewakemea. Aliandika pia mapungufu ya kadi: mama anaweza kumpa dada yake wa kijiji kingine, anaweza kuisahau nyumbani, na kadi haisemi kama alikuja kwasababu ya somo au angekuja tu. Aliyaandika mwanzoni kabisa mwa ripoti, sio nyuma huko.

Kadi zilirudi chache mno. Kwenye kijiji cha mwambao ambako majibu sahihi yalikuwa juu kuliko kote, ndo zilirudi chache kuliko kote. Alafu nesi wa kituo akamwambia kitu kingine, kwamba hata hao wachache waliokuja kutoka kijiji kile karibu wote walikuwa tayari wanalalamika damu au uchafu wenye harufu, yani walikuja kama wagonjwa. Wazima hawakuja.

Hapo ndo tathmini za aina hii huwa zinaharibika, kwasababu jibu rahisi lipo mezani tayari: uelewa wa jamii bado mdogo, elimu iongezwe. Nimesoma sentensi hiyo kwenye ripoti nyingi sana. Lakini dodoso lilikuwa linasema uelewa ni mkubwa! Ama dodoso linadanganya, ama uelewa sio tatizo. Akaomba aende akakae na kinamama.

Alienda mwaloni asubuhi wakati mitumbwi imerudi na dagaa wanamwagwa kuanikwa. Binti ambaye hajaolewa kuwauliza mama zake mambo ya ndani ya mwili sio kitu chepesi Kigoma, kwaiyo alienda na mama mmoja WAJA, mtu mzima anayeheshimika pale na anayeongea Kiha, hakubeba dodoso wala karatasi, akapiga magoti akasalimia shikamoo, akakaa, akageuza dagaa nao mpaka jua likawa kali. Maswali yalikuja yenyewe baadae. Na mama mmoja mwenye umri kama wa mama yake akamjibu hivi: "Mwanangu, mimi sina kitu. Si nyie mlituambia damu, uchafu unaonuka na mgongo? Hivo vyote sina. Nikivipata nitakuja."

Wengine wakaitikia. Mmoja alizitaja dalili zote kwa mpangilio uleule wa bango, kama alivyofundishwa, na akahitimisha kwamba yeye ni mzima, kwanini akavue nguo mbele ya watu.

Nilipoletewa maelezo hayo nilikaa nayo mda mrefu. Kinamama hawa walikuwa wamelielewa somo vizuri kabisa. Somo lilikuwa la dalili. Bango kubwa lilikuwa la dalili, dodoso lilikuwa linauliza taja dalili tatu za kansa ya mlango wa kizazi, nesi alikuwa anasisitiza dalili mpaka zikae kichwani, alafu mwishoni kabisa watu wanainuka na soda zao anasema basi msiache kwenda kupima. Mama akaunganisha mwenyewe kwa akili yake timamu: dalili ndo sababu ya kwenda, mimi sina dalili, basi siendi. Ukweli wa ugonjwa huu ni kinyume, dalili zikishatoka mara nyingi kansa imeshafika mbali, na kipimo kile cha siki kimewekwa kwa ajili ya mwanamke ambaye hasikii chochote. Yani majibu sahihi kwenye dodoso yalikuwa yanapanda pamoja na sababu ya kubaki nyumbani, na sisi tulikuwa tunaipongeza ile asilimia.

Kuna mkanganyiko mwingine aliukuta ambao haumo kwenye dodoso lolote. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na 2024 ikabadilishwa kuwa dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, nyingi zinatolewa shuleni. Kinamama kadhaa walimwambia mtoto wangu alishachomwa shule, kwaiyo nyumbani kwangu hiyo kansa tumeshamalizana nayo. Mama amechukua kinga ya binti akajifunika nayo na yeye. Na mwingine alikuwa na hofu tofauti, kasikia chanjo inafunga uzazi, kwaiyo hakuwa anaamini chochote kinachotoka kwa watu wale wale wenye gari, iwe chanjo au kipimo. Uzushi huo sio kweli na unajulikana sehemu nyingi nchini, ila ninachotaka msomaji aone ni kwamba somo letu lilikuwa linachanganya chanjo na kipimo ndani ya dakika kumi kwa spika, mama na binti wamekaa benchi moja, na hakuna aliyesema waziwazi hii ni ya binti, ile ni ya mama.

Sasa swala la mwezi, na hili hakuna mtu wa ofisini angelitoa kichwani. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza taa inavuta samaki, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa na kinamama wanashinda juani kuanika, kugeuza na kufukuza ndege, mvua ikinyesha wanakusanya mbio maana dagaa wakiloana hasara ni ya mwanikaji. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti vizuri, wavuvi wanapumzika, na kinamama wanapata nafasi ya kusuka, kwenda sokoni Mwanga, kumtembelea mgonjwa. Kila mtu wa Katonga au Kibirizi anaijua kalenda hii. Ratiba yetu ya masomo na ya mkoba ilikuwa inapangwa kwa wiki za kazi za ofisi na upatikanaji wa gari. Mwanafunzi alichukua tarehe zote akaziweka karibu na kalenda ya mwezi, na sehemu kubwa ya siku za mkoba kwa kijiji kile zilikuwa zimeangukia wiki za giza, siku ambazo mama mwanikaji akiondoka nusu siku anapoteza hela ya wiki. Karatasi za siku hizo zilijaa wazee na watoto wa shule, waanikaji hawamo.

Kwa vijiji vya juu kule njia ya Kalinzi kalenda ni nyingine, huko ni kahawa, maharage na siku za soko, na alikiri kwenye ripoti kwamba huko hakukaa mda wa kutosha kusema kwa uhakika. Hilo nalo nalisifia. Mwanafunzi mwingine angeandika kijiji kimoja kama mkoa mzima.

Kuhusu kitanda chenyewe. Chumba cha kupimia siku ya mkoba kilikuwa na mlango usiofunga vizuri na pazia fupi, na foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa inapita mbele yake. Mhudumu aliyefunzwa kipimo alikuwa mmoja, mwanaume, kijana mzuri na mwenye adabu, lakini kuna kinamama walisema wazi wasingelala mbele yake, na wengine walisema hakuna shida ilimradi kuwe na mama mwingine ndani. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kabla kitandani kunafanyika nini hasa. Wengi walidhani kizazi kinavutwa nje au kinakatwa kipande. Nimefanya kazi hii mda na nasema kwa uzito wote, kumwambia mama nenda kapime bila kumwambia atalala vipi, kitaingizwa nini, kitachukua dakika ngapi, atasikia nini, ni kumuomba aruke gizani.

Alafu lile zito kuliko yote. Mama mmoja alimuuliza mwanafunzi, "Haya nimekuja, mmeona ninayo na imeshakua kubwa, nauli ya Mwanza unanipa wewe?" Mabadiliko ya mwanzo yanatibika palepale, lakini kansa yenyewe inahitaji upasuaji au mionzi, na mionzi kwa mtu wa Kigoma maana yake ni safari ya hospitali ya Bugando Mwanza au ya Ocean Road Dar es Salaam, na sio kwenda na kurudi, ni kukaa wiki kadhaa, na mtu wa kukuhudumia, na watoto umemuachia nani. Mama yule alikuwa amepiga hesabu. Kwake kujua bila uwezo wa kutibiwa ni kuongezewa mzigo tu. Mwanafunzi hakumuandika kwenye kundi la wasio na uelewa, alimuandika kama mtu aliyetoa sababu, na akaweka sababu hiyo kwenye matokeo kwa maneno ya mama mwenyewe.

Siku ya kuwasilisha ofisini haikuwa rahisi. Afisa wa mradi alikuwa na hofu ya haki kabisa, ripoti ya mwaka inakaribia na mfadhili anasubiri asilimia ya uelewa, sasa anakuja mwanafunzi anasema asilimia hiyo ndo inaficha tatizo. Kuna aliyesema huyu katumwa kutathmini elimu, mambo ya kitanda na mwezi sio kazi yake. Kuna aliyesema kadi za manila sio utafiti. Dada alijibu kwa upole na bila kurudi nyuma, akasema swali alilopewa ni kama elimu inafanya kazi, na kazi ya elimu hii ni mama apimwe, na kama kijiji kinachojua zaidi ndo kinapima kidogo zaidi basi hawezi kuandika kwamba inafanya kazi.

Msimamo wangu niliutoa palepale na naurudia hapa. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 wa kuitokomeza kansa hii una shabaha tatu za kufikia 2030: asilimia 90 ya mabinti wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo chenye uwezo mkubwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na shida watibiwe. Hakuna shabaha ya asilimia ya waliosikia spika. Zote tatu ni mwili wa mtu umefika mahali na kupata kitu. Shirika linalofundisha linaweza kusema kupima sio jukumu langu, serikali ndo inapima, sawa, ila lazima lijue kama waliofundishwa wanafika, vinginevyo linafundisha kwa ajili ya ripoti yake.

Tulikubaliana ripoti iende kwa mfadhili na namba zote mbili, ya uelewa na ya kadi, na maelezo kwanini zinapingana. Mfadhili hakukasirika. Aliuliza maswali mengi na akakubali sehemu ya hela ya mabango ihamie kwenye chumba.

Mabadiliko yaliyofanyika sitayapamba. Somo liligeuzwa. Saivi linaanza na mama mzima asiyesikia chochote, kwamba kipimo hiki ni chake yeye, na yule mama WAJA wa mwaloni ndo alitoa mfano ambao umekaa: mtumbwi unakaguliwa ukiwa mkavu juu ya mchanga, ukishaanza kuingiza maji katikati ya ziwa umechelewa. Kisha nesi anaonyesha kifaa chenyewe kwa mkono, anaeleza hatua kwa hatua, anasema dakika moja ya kusubiri na kwamba asidi inaweza kuwasha kidogo. Dalili hazikuondolewa, na hapa naomba mtu asinielewe vibaya, zimewekwa mwisho na zimepewa agizo lake: mwenye hizi asisubiri siku ya mkoba, aende hospitali wiki hii. Mabinti na chanjo wamepewa kikao chao na walimu. Kwenye dodoso lile swali la taja dalili tatu limeondoka, limekuja swali hili: mama wa miaka 35 ambaye hana dalili yoyote, aende kupima au asiende, na kwanini. Ukiuliza hivo ndo unajua kama somo limeingia, na mara ya kwanza tulipolitumia kwa watu waliofundishwa somo la zamani majibu yalikuwa ya kuhuzunisha.

Mkoba wa vijiji vya mwambao unapangwa kwenye mwezi mkubwa, mwenyekiti wa kitongoji ndo anathibitisha tarehe sio sisi. Chumba kimepata komeo na pazia refu, na nesi wa kike anakuja kutoka kituo kingine siku hizo, au mama WAJA anaingia kukaa pembeni kama mpimaji ni mwanaume na mama amekubali.

Mkoba wa kwanza wa mwezi mkubwa kadi za rangi ya kijiji kile zilirudi nyingi kuliko wakati wowote, na wazima walikuwemo. Lakini mwanafunzi mwenyewe alikataa tuandike kwamba somo jipya ndo limeleta hilo, kwasababu tumebadilisha somo, tarehe, mlango na mpimaji kwa pamoja, na mwezi huohuo redio ya hapa ilikuwa na vipindi vya afya ya wanawake. Alisema tunachoweza kusema ni kwamba walikuja, sio kwanini. Afisa wa mradi alitamani sentensi yenye nguvu zaidi, ila sentensi ya mwanafunzi ndo iliyobaki. Pia kulitokea tatizo jipya, foleni ilikuwa ndefu kuliko uwezo wa kitanda kimoja, kuna kinamama waliondoka mchana bila kupimwa wakiwa na kadi mkononi, na mama aliyekusanya ujasiri akarudishwa na foleni usitegemee atarudi kirahisi. Kwa hali hiyo kipimo cha HPV ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampo mwenyewe kingesaidia sana vijiji hivi, tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kuliko siki, ila kinahitaji maabara na njia ya kurudisha majibu kwa mtu, na majibu yakichelewa miezi tumerudi kulekule kwa mama asiyejua kinachoendelea.

Lile swali la nauli ya Mwanza halijapata jibu kamili. Shirika limeanza mfuko mdogo wa safari kwa wanaopewa rufaa, na ustawi wa jamii wa hospitali wanasaidia kuandika barua za msamaha kwa wasio na uwezo, lakini mfuko unaisha haraka na kukaa wiki kadhaa mji wa watu kunagharimu kuliko basi. Timu inaambiwa isimuahidi mama kitu ambacho hakipo: akiuliza nauli anaambiwa ukweli wa mfuko ulivyo siku hiyo, na anaambiwa pia kwamba akija sasa hivi akiwa mzima, uwezekano mkubwa ni kwamba hatahitaji kwenda Mwanza kabisa. Mwanafunzi wa fildi anayekuja msimu ujao ameshapangiwa kazi yake, kufuatilia bila majina wangapi kati ya waliopewa rufaa walifika huko na walikwama wapi njiani, na boksi la kadi liko palepale mapokezi.